Uzi Mweusi Kwenye Ukurasa wa Bugali

Msimu ule ulinuka pasi ya makaa juu ya kitenge kilichonyunyiziwa maji. Ni harufu ya moshi na ya pamba inayokaribia kuungua bila kuungua, na chini yake, kwa mbali, mafuta ya cherehani. Ilijaa chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yangu Lotsove, mtaani Nyakasanza, hapa Bunia. Mvua ikishapita, harufu hiyo ilichanganyika na ya udongo mwekundu, na mtu akipita njiani alijua kwa pua peke yake kwamba fundi yupo kazini. Mimi nilikuwa nimefika umri wa kusoma bila kufuata maneno kwa kidole, lakini si umri wa kukabidhiwa mkasi. Walimu walikuwa wamesusa kazi na shule zilikuwa zimefungwa. Baba yangu, aliyekuwa fundi wa malori katika gereji moja upande wa soko, aliugua na kuzikwa mwanzoni mwa mvua. Katika akili yangu ya kitoto mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja: dunia ilikuwa imefungwa, na siku moja mtu mwenye ufunguo angekuja kuifungua.

Mama alibaki nyumbani na nguo yake nyeusi. Kazi zote alizifanya. Alifagia ua, alichota maji, alichambua mboga ya lengalenga jani kwa jani. Alichoacha ni kusema. Hakuwa bubu, maana aliniambia njoo, oga, funga mlango, mvua inakuja. Lakini yale maneno yasiyo na kazi, ambayo mtu huyasema kwa sababu tu yupo na mwenzake, yalikwisha kinywani mwake. Kabla ya hapo alikuwa mwanamke wa kubishana. Aliweza kusimama mbele ya muuza nyanya na kumweleza makosa ya nyanya zake moja baada ya nyingine, hadi muuzaji mwenyewe akacheka na kumwongezea. Sasa aliniacha niende sokoni peke yangu. Kila asubuhi nilikunywa chai, nikala bugali, yaani ugali, iliyolala tangu usiku, kisha nikatumwa kwa shangazi ili nisikae bure. Sikujiuliza kwa nini kila asubuhi ilikuwapo bugali iliyolala. Mtoto akikuta chakula haulizi kimetoka wapi.

Shangazi Lotsove alikuwa dada mkubwa wa baba. Mkono wake mmoja ulikuwa na pini, mwingine chaki, na kinywani mwake mara nyingi kulikuwa na uzi, kwa hiyo alizungumza kwa kifupi. Chini ya meza ya kukatia aliweka sanduku la bati lililojaa vitabu vyembamba. Aliachiwa na mpangaji wake wa zamani, aliyekuwa akiuza vitabu sokoni, ambaye siku moja alihamia Mahagi-Port na hakutaka kubeba mzigo. Vilikuwa hadithi fupi, nyingi za Kiswahili na chache za Kifaransa. Vile vya Kiswahili vilitoka mbali, nchi za mashariki, na wasomaji wa shangazi walisema watu wa humo wanaongea kama redio. Havikuwa na umbo la kupendeza. Majalada mengi yalikuwa yamekwenda sokoni kufungia karanga, na shangazi alivishonea majalada mapya ya karatasi ya mifuko ya saruji, kwa cherehani ile ile ya kushonea mashati, akibadilisha sindano nyembamba kwa nene.

Aliviazima kwa wateja waliokuwa wakisubiri. Vilifaa kwa sababu ya ufupi wake. Mtu akipimwa vazi alianza kusoma, na likipigwa pasi alikuwa karibu na mwisho. Asiyemaliza alikwenda nacho nyumbani. Masharti yalikuwa mawili, na shangazi hakuyalegeza kwa yeyote. La kwanza, unaporudisha kitabu, ushone uzi kwenye ukingo wa ukurasa uliokushika zaidi, uzi wa rangi yako, na uache ncha itokeze. La pili, useme mbele ya waliokuwapo kwa nini uliushona hapo. Ukishasema, shangazi hujibu neno moja tu, "Imesikiwa," kisha hufungua sanduku na kukupa kingine. Kalamu aliikataza kabisa. Nilimwuliza sababu, naye akatoa uzi kinywani ili anijibu vizuri. Alisema ukiandika maoni yako kitabuni, atakayefuata atasoma kwa macho yako. Uzi humwonyesha mahali tu, na sababu ataitafuta mwenyewe.

Hivyo vitabu vile viliota nyuzi pembeni kama masharubu. Nilijifunza kuvisoma vikiwa vimefungwa: hapa nyuzi zimesongamana, basi pana kifo au harusi, hapa hakuna hata mmoja, basi mwandishi alikuwa akieleza milima. Kijani ulikuwa wa Mama Kavira, muuza maharage, aliyependa waovu waadhibiwe mbele ya macho yake. Hadithi ikimalizika mwizi bado anatembea, alikishika kitabu kwa jalada na kukikung'uta kichwa chini, kana kwamba ukurasa wa adhabu umenasa ndani. "Muandishi anatuficha," alilalamika. "Huyu mwizi alienda wapi? Iko ndugu yake?" Mwekundu ulikuwa wa Ramazani, mchimba dhahabu wa machimbo ya Kilo, aliyeshuka mjini kila suruali zake zilipotoboka magotini. Yeye alikuwa na ugomvi na vitabu vifupi kama aina. "Binanikasirisha, tantine. Niko naanza tu kukaa muzuri mu kiti, kitabu inaisha."

"Basi leta suruali ya matundu mingi," shangazi alimjibu bila kuinua macho. "Njo nitachelewa." Kwetu njo ni ndipo, na ni ndiyo pia.

Hawakuwa watu wa vitabu. Hakuna hata mmoja ambaye angejiita msomaji, na maoni yao hayakufuata kanuni yoyote ninayoifahamu leo, baada ya miaka mingi ya kusoma peke yangu. Mmoja aliikataa hadithi kwa sababu bwana harusi alikuwa na jina la shemeji yake aliyemdhulumu. Mwingine aliisifu kwa sababu aliimaliza mtoto akiwa bado amelala. Lakini kila mmoja aliweza kukuonyesha mahali, na aliposema, wenzake walimsikiliza na kumpinga kwa jina.

Siku moja shangazi alinipa kitabu nimpelekee mama. Hakuniambia lolote la zaidi. Mama alikipokea, akakiweka juu ya kabati, na kesho yake nikamwona amekaa mlangoni akisoma, mgongo umeegemea ukuta. Nilifurahi mno, hata nikazunguka nyumba nzima ili nipite mbele yake tena nimwone. Alikimaliza. Nikakirudisha, shangazi akapitisha kidole kwenye ukingo, akakuta hakuna uzi. Akanipa kingine. Nacho kikarudi hivyo hivyo. Ilikuwa hivyo kwa majuma kadhaa, na mimi nilikuwa mchukuzi kati ya wanawake wawili ambao hawakuonana, mmoja aliyefiwa na mume na mwingine aliyefiwa na ndugu. Kisha asubuhi moja shangazi aliupitisha ule mkono kwenye ukingo, akakirudisha kitabu sandukuni na kulifunga.

"Mwambie mama yako," alisema, "bila uzi hakuna kitabu. Hata kwake."

Mama Kavira aliyekuwa hapo aliona ni ukatili. "Lotsove, mutu iko na kilio!"

"Njo maana," shangazi alijibu, na miguu yake ikaanza kukanyaga cherehani.

Nilitembea polepole kurudi nyumbani chini ya mikaratusi, nikiwa na chuki na shangazi yangu. Kusoma ndicho kitu pekee ambacho mama alikifanya bila kulazimika. Na hicho kikikatwa, niliwaza, atabaki na ufagio tu. Nilimpa ujumbe kama ulivyokuwa. Siku zilipita, naye alikaa mlangoni mikono ikiwa mapajani, akiutazama ua. Nilichungulia uso wake kila nilipopita, na sikuona humo mtu anayenitazama. Hofu yangu wakati huo ilikuwa wazi, na naweza kuieleza leo bila kuongeza neno: nilidhani mama anaondoka, kidogo kidogo, ndani ya nyumba, na kwamba siku moja nitaingia nimkute amekwisha.

Kumbe kabatini kulikuwa na kitabu kimoja cha ziada, kutoka siku shangazi aliponipa viwili pamoja, alichokuwa bado hajakirudisha. Asubuhi moja alinikabidhi. Nilikwisha kufika barabarani nilipohisi kitu kinanikuna kiganja. Ni ncha ya uzi mweusi, kwa sababu nyumbani kwetu kulikuwa na uzi huo tu, ule uliobaki tuliposhona nguo zake za msiba. Nilikifungua palepale, miguu ikiwa matopeni. Kilikuwa kitabu cha mchimba dhahabu anayemwacha mkewe na kurudi baada ya miaka mingi, kitabu kilichopendwa kuliko vyote sandukuni, chenye nyuzi nyingi pale mchimbaji anapovuka mto usiku na dhahabu mdomoni, na nyingi zaidi pale mahakamani. Uzi wa mama haukuwa popote hapo. Ulikuwa mwanzoni, kwenye ukurasa ambao hakuna aliyewahi kuugusa.

Shangazi alisoma ukurasa ule akiwa amesimama. Kisha akaketi. Mama Kavira akamnyang'anya, akasoma, akageuza nyuma na mbele. "Hapa? Hapa hakuna kitu! Bibi iko anapika bugali tu." Ramazani, aliyekuwa amekaa na kanga ya shangazi kiunoni akisubiri suruali, alichungulia, naye akasema labda Mama Neema, yaani mama yangu, alisinzia sindano ikateleza. Shangazi hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza vifungo, kwamba uzi ameuona, lakini uzi bila neno hauhesabiwi, na neno hasemewi mtu.

Jumamosi yake mvua ilikuwa imekatika asubuhi. Mama alijifunga kitambaa kichwani, akafunga mlango, akanishika mkono. Tukashika njia ya kwa shangazi. Tulipofika, alikwangua matope viatuni kwa kijiti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaingia. Shangazi alimwonyesha kiti cha wageni. Hakukikalia. Alikwenda kuketi kwenye benchi la wanaosubiri, na Mama Kavira akasogea kumpa nafasi, kisha akaanza bila kuzunguka, maana hakujua njia nyingine.

"Mama Neema, pole sana. Lakini mi nauliza. Kitabu nzima, iko mutu anavuka mutoni na dhahabu mu mudomo, iko tribinali, iko bibi anakimbia mu njia kumupokea bwana. Weye unaacha byote, unaenda kushona fasi ya bugali. Juu ya nini?"

"Soma ile fasi," mama alisema.

Sauti yake ilikuwa na kutu. Mama Kavira alitafuta uzi mweusi, akasoma kwa ile sauti ya redio aliyoiweka kwa ajili ya vitabu. Mume ameondoka alfajiri. Jioni mke anasonga ugali. Anapouepua anaona kwamba ameupika wa watu wawili. Anamwita mtoto wa jirani, wanakula pamoja, na sura inaishia hapo.

"Njo hivyo tu," alisema Mama Kavira.

"Huyu muandishi," mama alianza, "mwanzo iko anajua. Ile ya kupika ya watu wawili hakuitoa mu kichwa. Aliiona kwa mutu. Kisha akaogopa. Akaona itakuwa muzito, akamuita mutoto wa jirani. Hapana. Hakuna mutu anaita mutoto wa jirani. Unaangalia sufuria. Unafunika. Asubui unaamuka, iko pale." Alikuwa akiitazama mikono yake. "Bwana yangu, mi njo nilimufunga macho. Akili yangu inajua alikufa. Lakini mukono yangu bado haiyaambiwa. Kila mangaribi inapima unga yake."

Nilisikia cherehani ikienda kwa kasi, nikageuka kumtazama shangazi. Alikuwa ameinama juu yake, miguu inakanyaga, sindano inapanda na kushuka, na chini ya sindano hakukuwa na nguo yoyote. Alishona hewa. Ndipo nilipokumbuka kwamba yule aliyekuwa akipimiwa unga alikuwa mdogo wake wa mwisho, aliyembeba mgongoni.

Ramazani, aliyekuwa pale tena na kanga kiunoni akisubiri suruali, alikohoa. Alikuwa mtu asiyeweza kuvumilia ukimya. "Mama, samahani. Na ile bugali ya asubui, nani anaikula?"

Mama alinionyesha kwa midomo. "Huyu. Hamuone vile ananona?"

Wote walinigeukia, na kicheko kilichotoka kilikuwa kidogo, cha woga, kama cha watu wanaojaribu daraja. Mama Kavira hakuridhika. Aliupiga ukurasa kwa kidole. Alisema yeye angemwita mtoto wa jirani, angemwita kabisa, yeye hawezi kula peke yake hata siku moja, na mwandishi hana kosa.

"Weye, Mama Kavira?" Mama aliinua uso. Nilimwona akimkagua mwenzake kuanzia kitambaa hadi viatu, polepole, jinsi alivyokuwa akizikagua nyanya. "Weye ungemuita umuuzishie."

Ramazani alicheka hadi kanga ikamfunguka, akaikamata. Mama Kavira mwenyewe alicheka kuliko wote, akampiga mama begani, akasema Mungu wangu, wanasema huyu aliacha kusema, nani alidanganya. Mama hakucheka. Upande mmoja wa midomo yake ulitetemeka tu. Lakini mimi nilikuwa nimesikia. Lile lilikuwa neno lisilo na kazi yoyote. Halikuniita, halikunituma, halikufunga mlango. Alilisema kwa sababu yupo na wenzake. Shangazi alipaswa kusema "Imesikiwa," na kumpa kitabu kimoja. Badala yake alilisukuma sanduku lote kwa mguu hadi mbele ya miguu ya mama.

Tangu Jumamosi ile nyuzi nyeusi ziliongezeka vitabuni, nyingi zikiwa mahali ambapo wengine walipita bila kusimama: mtu anatafuta kiatu, mtu anasahau alichotaka kusema. Maoni yake yalikuwa makali na ya haki, na watu walianza kuja hata bila nguo ya kushona ili wabishane naye. Bugali iliyolala haikukoma. Mama aliikaanga kwa kitunguu, akaanza kula nami. Aliponiona naitazama sahani alisema tu, "Bado," nami nikajua anazungumzia mkono. Iliendelea hivyo hadi mwisho wa mvua. Kisha asubuhi moja nilikwenda kwenye sufuria, nikainua kifuniko, nikaikuta safi, imesuguliwa. Mkono ulikuwa umeambiwa. Nililia siku hiyo kuliko siku ya mazishi, na mama alinipakata ingawa miguu yangu ilikuwa mirefu ikigusa chini. Kwangu mimi, baba alikufa asubuhi ile.

Shule zilifunguliwa baadaye, lakini mimi sikufika mbali. Ninayoyajua nimeyatoa kwanza katika sanduku lile, kisha popote nilipopata karatasi yenye maandishi. Leo nina kibanda cha fotokopi na kufunga vitabu karibu na soko, na wanafunzi huniletea kazi zao nizishonee majalada. Nje motari, pikipiki za abiria, zinapiga honi tangu alfajiri, na nikikaa nafungua simu, kama kila mtu. Hadithi fupi zinatumwa humo siku zote, fupi kuliko zile za shangazi, na watu wanatoa maoni yao chini: dole gumba, moyo, uso unaolia. Sizidharau. Nami naweka dole gumba. Vitabu vyetu vilikuwa vichache na wengi mtaani hawakuwahi kuvishika, kwa hiyo sitasema kwamba zamani watu walisoma zaidi. Tofauti ninayoiona ni ndogo na naweza kuitaja. Dole gumba halionyeshi ukurasa. Na aliyeliweka haitwi na mtu aje, akwangue matope, aketi kwenye benchi aseme kwa nini.

Kitabu cha mchimba dhahabu ninacho. Uzi wa kijani umepauka, mwekundu umekuwa wa rangi ya chai, mweusi bado ni mweusi. Shangazi Lotsove alihamia kwetu macho yake yalipochoka, na kwa miaka kadhaa mama alimsomea jioni, wakigombana juu ya kila hadithi kama wasichana. Alifariki mwaka jana mvua zilipoanza. Juma lile mimi ndiye niliyepika. Asubuhi mama, ambaye sasa anatembea kwa kushika ukuta, alitangulia jikoni. Nilimkuta ameinua kifuniko cha sufuria, anaangalia bugali iliyolala ndani. Alichukua kisu na kitunguu, akaikaanga ile bugali, akaigawa kwenye sahani mbili, akanisogezea yangu.

"Kula," alisema. "Mukono yako bado haiyaambiwa."